Miguu ya Baba, Mkono wa Mama

Kabla sijaligusa gari la Baba, pikapu ile ilikuwa na madereva wawili. Sitanii. Baba alishika usukani kwa mkono wa kulia na kukanyaga pedeli zote tatu. Mama, aliyekaa pembeni yake, ndiye aliyeweka gia. Mkono wa kushoto wa Baba ulipooza mwaka ule alipoangukiwa na mbao akishusha mzigo, na gia iko upande huohuo wa kushoto. Mtu mwingine angeuza gari akakaa nyumbani kulalamika. Baba yeye akamkabidhi Mama gia, basi, maisha yakaendelea.

Miaka kumi na mmoja walisambaza chakula cha kuku madukani namna hiyo. Baba hakuwa na haja ya kusema "weka mbili" wala "weka tatu". Mguu wake ukigusa klachi, mkono wa Mama ulikuwa umeshafika. Mama aliisikia injini ile kuliko mimi niliyesomea ufundi. Na walivyokuwa wakibishana humo ndani, ungedhani wanaelekea mahakamani.

"Mzee, mbona unaibana hivyo? Inalia, husikii?"

"Nakusubiri umalize kusalimia mtaa mzima."

"Kanyaga klachi uache maneno."

Siku moja trafiki aliwasimamisha, akataka kujua dereva hasa ni nani. Baba akamwambia, "Mimi miguu, huyu mkono. Leseni ni moja, tunagawana." Trafiki alicheka mpaka akasahau alichowasimamishia.

Mimi sikucheka. Mimi ni binti yao wa pekee, fundi wa magari mwenye gereji yake, na mtaani wananiita Spana, kwa kazi yangu na kwa ulimi wangu pia. Kila mteja alikuja na lake. "Spana, nimewaona wazee wako. Mmoja anaendesha, mwenzake anakoroga!" Wanacheka, nami natabasamu huku moyo unachemka. Fundi mzima, mwenye kibao barabarani, baba yake anakorogewa gia? Halafu kulikuwa na joto. Mama ana presha, na kila jioni alikuwa akishuka kwenye ile pikapu ameloa jasho kama aliyenyeshewa. Nikajiambia, imetosha. Nitawawekea giaboksi ya otomatiki na kiyoyozi, na watu wafunge midomo.

Angalieni nilivyopanga sababu zangu. Aibu yangu ilitangulia, presha ya Mama ikafuata. Wakati ule sikuliona hilo.

Kazi ilinichukua wiki sita. Nilipata giaboksi kwenye gari dogo la mizigo lenye injini kama ile, lililogongwa nyuma. Giaboksi yenyewe ilikuwa ndefu kuliko ya zamani, kwa hiyo nilikata chuma cha kuibebea na kuchomelea kingine, nikafupisha shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, na kuipeleka ikasawazishwe isije ikatetemeka. Pedeli ya klachi niliing'oa. Kwenye kiyoyozi ndipo nilipotoa jasho: kompresa haikuwa na pa kukaa, nikaitengenezea kiti chake pembeni ya injini. Mbele ya rejeta nikaongeza feni ya pili, dashibodi nikaifungua yote ili mabomba yapite. Mkono wa gia mpya niliuhamishia kwenye usukani, upande wa kulia, Baba aufikie mwenyewe. Pale katikati ya viti, gia ya zamani ilipokuwa imesimama, nikafunika na kuweka kisanduku cha chupa za maji. Nilikisifia sana kile kisanduku.

Gereji yangu ina sheria moja: kifaa kilichotolewa anarudishiwa mwenye gari, asije akasema fundi ameiba. Hata Baba sikumpendelea. Giaboksi ya zamani, pamoja na fimbo yake ya gia, nikaiweka kwenye gunia na kumpakilia nyuma.

Siku ya kuwakabidhi, nilimfungulia Mama mlango kama bibi harusi. Baba akaondoa gari taratibu, nami nimesimama nyuma kwenye mzigo, nachungulia kwa kioo cha nyuma. Tulipofika kwenye mwinuko nikauona mkono wa Mama ukienda katikati, ukagota kwenye kisanduku cha maji. Akaurudisha mapajani, akaufunika na ule mwingine.

Tuliposhuka akaniambia, "Limekuwa zuri sana, mwanangu. Sasa mimi nifanye nini humo?"

"Ukae tu, Mama! Ufaidi ubaridi. Hujachoka?"

"Sawa," akasema.

Akakaa tu, wiki mbili. Vioo vilifungwa kwa sababu ya kiyoyozi, kwa hiyo hata salamu zake hazikutoka nje. Halafu akasema magoti yanaganda, akabaki nyumbani. Baba akawa anazunguka madukani peke yake. Na mimi, jamani, nilifurahi! Niliwaambia wateja Mama anapumzika sasa. Wanasema tenda wema nenda zako. Mimi sikwenda zangu, nilibaki palepale nikiuangalia wema wangu na kuupiga picha. Watu walitoka mbali kuja kuiona pikapu kuukuu inayojiwekea gia. Nikapata kazi nyingine tatu za aina hiyo.

Nilipokwenda kuwasalimia nilikuta giaboksi ya zamani imewekwa barazani juu ya gunia, karibu na kiti cha Mama. Alikuwa ameshika kitambaa, anaifuta vumbi. Kile kichwa cha fimbo ya gia kilikuwa kinang'aa.

"Mama, hicho ni chuma chakavu. Kinakuchafulia baraza."

"Hakinisumbui," akasema, akaendelea kufuta.

Ningemwuliza swali moja tu, angenijibu. Sikuuliza. Nilikuwa na haraka, siku zote nina haraka.

Mwezi wa nne tangu niwakabidhi gari, asubuhi moja, Baba alikuja gereji. Nyuma ya pikapu alikuwa amepakia ile giaboksi.

"Rudisha hii," akasema.

"Rudisha wapi?"

"Ilipokuwa."

Nilidhani anatania. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja wao amekuja kuulizia gari hilohilo. Nikamvuta Baba pembeni. "Baba, kuna nini? Imeharibika?"

"Haijaharibika. Mama yako haongei siku hizi. Anakaa tu."

"Si ndiyo kupumzika kwenyewe?"

"Hukumwona akipumzika wewe. Alikuwa akipumzika mle ndani."

"Wiki sita, Baba! Wiki sita nimelala chini ya gari hili. Unajua ni watu wangapi wanakuja kuliangalia?"

Akanitazama. "Sikujua kuwa ulilitengeneza kwa ajili yao," akasema.

Maneno yale yalinichoma, na mimi nikichomwa huwa sifikiri, nafoka. Nikatupa spana kwenye ndoo mpaka wateja wakageuka. Nikamwambia wazee mna vituko, mtu anawatoa kwenye shida mnairudia wenyewe. Nikamwambia mnataka watu wanicheke tena. Baba alisubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri nilipokuwa mdogo na kugaragara chini.

"Haya," nikasema mwishowe. "Mwisho wa mwezi."

"Mwisho wa mwezi," akaitikia, akaondoka amefurahi. Alinishukuru. Na mimi wala sikuwa na nia. Nilitaka achoke kuuliza tu. Ile giaboksi niliisukumia nyuma ya mapipa ya mafuta machafu nikarudi kwa wateja wangu.

Mama alifariki tarehe kumi na tisa ya mwezi uleule, saa nne asubuhi, kwenye kiti chake barazani. Jirani ndiye aliyenipigia. Nilimkuta ameinamisha kichwa kama anayesinzia, na kando ya kiti kulikuwa na alama ya mafuta pale giaboksi ilipokuwa imekaa. Baba alikuwa njiani na mizigo. Watu walimwona akipita mtaa wa pili, wakampungia mikono, wakamwita kwa sauti. Vioo vilikuwa vimefungwa. Akadhani ni salamu, akawapigia honi akaendelea zake.

Nilimuuliza daktari kama angeweza kupona. Nilimuuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Alikuwa mpole. Akasema presha ilipasua mshipa kichwani, yangemkuta popote pale.

Popote pale. Alidhani ananifariji. Lakini kama ni popote, basi yangeweza kumkuta kwenye kiti chake cha siku zote, dirisha wazi, anambishia mzee wake, mkono uko kwenye gia. Asingekuwa peke yake. Nilimpa Mama ubaridi asiouomba, nikamnyima mtu wa kuwa naye saa ile. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu nitamlea mpaka nife.

Baada ya msiba niliitoa ile giaboksi nyuma ya mapipa. Niliifungua, nikaiosha kila jino, nikabadilisha klachi nzima, nikatafuta pedeli. Kichwa cha fimbo sikukigusa. Kisha nikaenda nyumbani. Baba alikuwa ameketi ndani ya pikapu uani, injini imezimwa, vioo vyote vimeshushwa.

"Baba, nipe funguo," nikasema. "Nalipeleka gereji. Kesho kutwa gia yenu imerudi, nakuahidi."

Akatikisa kichwa. "Iache hivyohivyo, mwanangu."

"Nimeshaiandaa. Nimeshaiosha, Baba, kila kitu kiko tayari."

"Iache. Nani ataniwekea?"

Nikafungua mdomo niseme, "Mimi," ukakataa. Nilizunguka upande wa pili nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha Mama nikalia bila kujificha. Baba aliniacha nilie. Halafu akawasha gari. Kulikuwa na magunia sita ya duka la mwisho aliyokuwa hajayafikisha tangu siku ile.

Tukashika barabara. Gari lilivuta laini, bila mtikisiko, kama nilivyokuwa nikijisifia kwa wateja. Tulipofika kwenye mwinuko injini ikaanza kulemewa, na hapo nikauona mguu wa kushoto wa Baba unanyanyuka. Ukakanyaga sakafu tupu, pale klachi ilipokuwa, ukatulia hapohapo. Alikuwa anasubiri.

Gari likajiwekea gia lenyewe, tukaendelea kupanda.