Muvi ya Maboksi

"Muvi za mambo ya kompyuta, mimi?" Kamusi alijipiga kifua kwa rimoti. "Nitajie moja tu ambayo sijaimaliza. Moja! Ukiipata, ninyoe kichwa, na nyusi nakuongeza bure."

Saluni nzima ikacheka. Karani wa mapokezi wa ile ofisi ya ng'ambo ya barabara, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka kama kichaka kilichopitiwa na mbuzi, hakucheka. Yeye aliamini.

Kuzimaliza, Kamusi alizimaliza kweli. Ila alizimaliza kwa macho tu. Chumba kilikuwa cha shangazi yake. Nusu moja ilikuwa saluni, na nusu ya pili alimpa Kamusi, mtoto wa kaka yake, aweke kompyuta, televisheni na meza ya kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Sharti lilikuwa moja: televisheni isitoe sauti. "Watu wanakuja hapa kupashana habari," shangazi alimwambia siku ya kwanza, "na umbea mzuri hauchanganywi na milio ya bastola. Msusi akishtuka, kichwa cha mtu kinang'oka."

Angeweza kusoma maneno yanayopita chini ya picha, lakini mbele ya kioo cha televisheni ilipita rafu ya wigi, na vichwa vinne vya plastiki vilisimama pale vikiziba kila neno, macho yao makubwa yakimtazama Kamusi kama wazee wa baraza.

Basi akawa anajijazia mwenyewe. Mdomo ukicheza kwenye kioo, yeye anautia maneno. Mtu akipiga meza, ni wivu. Akikodolea macho kompyuta halafu akalia, ameachwa na mchumba. Mtaa mzima ukampa jina la Kamusi, maana hakuna muvi aliyoulizwa akakosa jibu. Aliwahi kumwekea fundi cherehani moja, akamwambia ni ya mke anayegombana na kabati la nguo. Fundi akarudi kesho yake ameshika mbavu: lile kabati ndiyo kompyuta yenyewe, na ndilo lililokuwa likimtukana yule mwanamke tangu mwanzo.

"Umeona?" Kamusi akajibu bila hata kupepesa. "Sikutaka kukuharibia utamu."

Karani aliporudi kazini, akampelekea meneja wake sifa zote pamoja na nyusi. Ofisi ile ilitengeneza programu za simu. Vijana wake walikuwa wamefanya kazi mfululizo miezi kadhaa, macho mekundu, hata salamu wanajibu kwa kutikisa kichwa. Meneja, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu aliyeacha chungu jikoni, alitaka Ijumaa jioni wakae pamoja, waangalie muvi ya kazi yao, wachangamke. Akamwita Kamusi.

"Nataka kitu cha kuwapa moyo," alimwambia. "Wakifurahi, nakuajiri. Kila Ijumaa utatuchagulia muvi, na siku nyingine utasimamia vyombo vya ukumbi. Meza yako ile pale dirishani."

Kamusi akaitazama meza. Haikuwa na unywele hata mmoja. Yeye kila asubuhi alianza kazi kwa kuipindua kibodi yake na kuikung'uta, zikadondoka nywele za kutosha kumsuka mtoto. Na wote mle walivaa vitambulisho vilivyoning'inia shingoni! Aliwaza atakavyopita na chake mbele ya saluni, polepole, akijifanya amesahau kukivua.

"Madam," akasema, "ninayo moja, utanishukuru mpaka uzeeni. Kampuni inaanzia gereji, inakua mpaka inajaza ghorofa. Bosi wao, jamaa wa sweta la kijivu, anawapenda wafanyakazi wake mpaka basi. Mwishoni wanapata jengo jipya, kubwa zaidi. Wanapakia vitu kwenye maboksi, wanakumbatiana, wanalia kwa furaha. Mimi mwenyewe chozi lilinitoka."

Chozi lilimtoka kweli. Yale maboksi aliyatazama mara tatu.

Ijumaa ilipofika, Kamusi alivaa shati la mikono mirefu, akasimama mbele ya kioo kikubwa cha ukumbi wa mikutano. Wafanyakazi walikuwa wameegemea viti, wengine tayari wanasinzia. Akaona awape mshtuko kidogo.

"Ndugu zangu, muvi hii ameichagua meneja wenu mwenyewe," alisema. "Yote anayotaka kuwaambia kuhusu mwaka ujao yamo humu. Mwenye masikio asikie."

Taa zikazimwa. Jamaa wa sweta akafungua mdomo, na Kamusi akaruka kitini. Kumbe yule bwana alikuwa na sauti nyembamba kama ya mbu! Miezi yote ile alimpa sauti ya ngurumo. Akajituliza. Sauti tu, si kitu.

Gereji ikapita. Ghorofa ikajaa. Halafu jamaa wa sweta akawaita watu wake, akapanda juu ya meza, na ile hotuba ambayo Kamusi siku zote aliijaza kwa "nawapenda nyote" ikatoka kwa sauti ya mbu, na maneno yakapita chini wazi, hakuna wigi la kuyaziba: mashine mpya itafanya kazi zenu zote. Boksi lako liko chini ya kiti. Ukishapakia, mlinzi atakusindikiza hadi getini.

Yakaanza makumbatio. Yakaanza machozi. Ukumbini hakuna aliyesinzia tena.

Mwandishi wa programu mwenye kipara, aliyekaa mbele, akainama taratibu akachungulia chini ya kiti chake. Msichana anayechora picha za programu akafanya vivyo hivyo. Kisha vichwa vyote vikageuka nyuma, kimoja baada ya kingine, kumwangalia meneja.

"Mbona mnanitazama mimi?" meneja akasema gizani.

"Si umeichagua mwenyewe, bosi?" kipara akajibu. "Ujumbe tumeupata."

Kamusi hakusubiri mwisho. Alitoka kwa mlango wa jikoni, akipishana na mhudumu aliyebeba sinia la soda, akamwambia anakwenda chooni. Choo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya barabara.

Jumamosi asubuhi saluni ilifurika. Shangazi alikuwa katikati ya kichwa cha bibi harusi mtarajiwa, chanuo mdomoni, meneja alipoingia. Hakusalimia.

"Kijana, watu watano wamechukua vikombe vyao na picha za watoto wao, wameondoka. Kipara nimempigia simu mpaka betri imekufa. Nimekesha usiku kucha nawabembeleza mmoja mmoja kwamba sifukuzi mtu. Sasa nijibu: ile muvi uliijua au hukuijua?"

Kamusi akaona njia mbili, zote zina miiba. Akisema hakuijua, yeye ni mwongo. Akisema aliijua, basi kidogo ni mwerevu, na mwerevu huenda bado akapewa meza.

"Niliijua, madam. Ile muvi ina kina. Wangevumilia mpaka mwisho wangeona inavyoponya. Tatizo vijana wako hawasikilizi. Mimi niliisikiliza mara tatu, neno kwa neno."

"Uliisikiliza wapi?"

"Hapa hapa. Sauti juu kabisa, mpaka ukuta ukatetemeka."

Chanuo likadondoka. Shangazi akakiacha kichwa cha bibi harusi kikining'inia upande, akaja mikono kiunoni. Mambo ya muvi hakuyajua. Alichosikia ni kwamba mgeni amesimama mlangoni kwake amekunja uso, na habari ni ya kelele.

"Mama, usimsikilize, anajisingizia bure," akasema. "Mtoto wa kaka yangu huyu ana adabu, nimemlea mwenyewe. Ile televisheni tangu iingie humu haijatoa hata chafya. Hata siku moja! Waulize hawa."

Wanawake wote wakaitikia kwa vichwa, hadi yule aliyekuwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele.

"Hata siku moja?" meneja akauliza taratibu, akimtazama Kamusi.

"Hata siku moja," shangazi akasema, na akamkonyeza mtoto wa kaka yake ajue kwamba amemwokoa.