Kutoka na Jua

Mama Katleho alikuwa hapati usingizi, na kiwanda kizima kilijua. Tangu mumewe afukiwe mgodini ng'ambo ya mpaka, alishona viuno vya jinzi macho yakijifumba, na sindano ilishapita kidoleni. Kilichomchosha zaidi kilikuwa jioni. Mjane aliyevaa kitambaa cheusi cha msiba hatakiwi kukutwa nje jua likizama, na majira ya baridi Maseru, jua huzama watu wangali kwenye ovataimu. Akichelewa, mama mkwe alifunga mlango wa chumbani. Naye mjane alikaa jikoni mpaka asubuhi.

"Dada Tlalane, niruhusu nitoke na jua," alimwomba msimamizi.

"Jua lako linanihusu nini? Laini ya kushona ikikatika katikati, wenzako wote wanakosa bonasi. Haya, waeleze wewe."

"Mkwe wako aje ashone yeye," mshonaji mmoja akatupa neno. Wakacheka bila kuinua vichwa.

Wiki ile wakaja wageni. Wanunuzi wa jinzi walitaka kuona wafanyakazi wanatunzwa, kwa hiyo cherehani zilizimwa, watu wakaketi sakafuni, wakapewa juisi na biskuti. Mgeni mmoja, mwanamke mwenye sauti ya upole, akawaambia kwamba kazini mzigo wa moyo ni hatari kama moto.

"Semeni, mama zangu. Hapa haadhibiwi mtu."

Wazoefu walitazama juisi zao. Mama Katleho hakuwa ameambiwa aseme tangu amzike mumewe. Akasimama.

"Silali. Naomba kutoka kabla ya jua kuzama, mpaka nivuliwe kitambaa hiki. Basi."

Yule mwanamke akamshika mkono. Meneja, Bwana Ramoholi, akatabasamu.

"Umesikika, mama. Kuanzia kesho unatoka na jua."

Wageni wakapiga makofi. Mmoja akampiga picha.

Kesho yake alikuta msichana mpya kwenye kiti chake. Tlalane alimnyooshea ufagio.

"Wafagiaji wanatoka saa tisa. Si ndivyo ulivyoomba?"

"Niliomba kutoka, sikuomba ufagio. Na mshahara?"

"Wa mfagiaji." Tlalane aliangalia pembeni. "Mama Katleho, na mimi nina watoto. Shika."

Akaushika.

Siku hizo mama mkwe alimfungulia mlango mapema. "Sasa unafanana na mjane," alisema, akampa kiti.

Mshahara ulibaki nusu. Picha yake ilibandikwa getini, chini yake wameandika kwamba hapa tunasikilizana. Mafuta ya taa yaliisha theluji ikiwa bado haijaanguka. Mama mkwe alianza kumeza vidonge vyake vya presha siku moja, kuruka siku moja. Ada ya sekondari haikupatikana, na mwanawe Katleho, aliyekuwa akipenda hesabu, alipewa blanketi na fimbo, akapelekwa milimani kuchunga kondoo wa watu.