Kila Mtu na Paa Lake

Maneno yenyewe Willis aliyasema kwa mdomo wake, mbele ya watu, Jumapili baada ya kanisa, na hakuna aliyemsukuma. Hilo lieleweke mapema, maana baadaye alizunguka mtaa mzima wa Tena akilalamika kwamba amechezewa. Hakuchezewa. Ulimi wake ndio uliomponza.

Ulikuwa mkutano wa korti. Korti hii si ile ya mahakimu. Ni nyumba kumi na mbili zilizobanana, zenye geti moja, mlinzi mmoja na kelele za kutosha mtaa mzima. Katibu alikuwa Gachanja, muuza vyuma mstaafu, mwenye daftari la jalada jeusi ambalo aliandika humo kila kitu, hata nani alichelewa. Ajenda ya siku hiyo ilikuwa moja tu: paneli za Willis.

Willis alikuwa fundi wa stima katika karakana za reli kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe na mashamba kule Siaya. Yeye alinunua kigari cha umeme, kidogo, cheupe, kilichotumika Japani, pamoja na paneli kumi za sola. Fremu aliichomelea mwenyewe juu ya paa. Alfajiri alikuwa akibeba abiria kwenda mjini. Saa mbili anakirudisha nyumbani, anakichomeka ukutani, nacho kinakunywa jua hadi saa saba, wakati jua linapojificha nyuma ya ghorofa za upande wa magharibi. Jioni anatoka tena. Kila akipita kituo cha petroli alipunguza mwendo na kuwapungia mkono wanaojaza mafuta, kwa huruma.

Furaha yake haikuwa ya kuokoa pesa pekee. Willis alizaliwa Kaloleni, katika nyumba ya kupanga ya kaunsili ya jiji, na baba yake aliishi humo miaka arobaini bila kuthubutu kupigilia ukutani hata msumari wa kutundikia picha ya harusi. Ruhusa iombwe ofisini, na ofisini huambiwi ndiyo wala hapana. Kwa hiyo Willis aliposema "paa langu", alisema kama mtu anayetaja jina la mtoto wake.

Aliyemshtaki alikuwa Nafula, mjane wa nyumba ya nyuma, ambaye wote walimwita Mama Elsie. Mama huyu alikuwa akianika wimbi, mtama na mihogo katika kijiua chake, kiwanja kidogo cha uani, kisha anasaga na kuuza unga wa uji. Fremu ya Willis ilichomoza nje ya ukuta, na paneli mbili zilining'inia juu ya kijiua hicho kama mtu anayechungulia sufuria ya mwenzake. Mihogo ilikuwa imeanza kuota kuvu.

Alisimama akiwa ameshika leso yake kwa mikono miwili, akamgeukia Willis, ambaye hapo kortini ni Baba Lorraine. "Mimi sina ubaya na Baba Lorraine. Nauliza tu, jua langu limeenda wapi?"

Watu wakacheka. Willis alicheka kuliko wote, na hapo ndipo angenyamaza, lakini mtu aliyezoea kuomba ruhusa akipata cha kwake huwa na maneno mengi.

"Mama, jua halina hati," alisema. "Nyumba ndiyo iko na hati. Mimi sikutoka Kaloleni kuja kuomba ruhusa hapa. Kila mtu na paa lake, na asiulizwe ameweka nini juu yake. Katibu, andika hiyo."

"Naunga mkono," alisema Wangu, jirani wa upande wa mashariki, na akapiga makofi. Wangu, au Mama Shiru, alikuwa na duka la mitumba na alijulikana kwa kutosema neno bila sababu. Willis alimshukuru kwa tabasamu. Gachanja akaandika.

Walipofika nyumbani, mkewe, Carolyne, alivua viatu vya kanisa bila kumtazama. "Si ungemtolea tu hizo mbili?"

"Hizo mbili ndizo zinanipeleka soko la Burma na kunirudisha."

"Burma unaenda kula nyama, Baba Lorraine. Yule mama anatafuta chakula."

Willis alitoka nje kuangalia gari likichaji, ingawa gari likichaji halina cha kuangaliwa.

Miezi minane ikapita. Asubuhi moja lori lilimwaga mawe getini, jingine likamwaga mchanga, na mafundi wakaingia kwa Mama Shiru wakibeba nondo. Willis aliwasalimia, akawaazima hata kamba ya umeme. Alidhani mama anaongeza chumba.

Mama alikuwa anaongeza ghorofa nne.

Ilipoinuka ya kwanza, jua lilianza kufika kwenye paneli saa tatu badala ya saa mbili. Willis alijikaza. Ilipoinuka ya pili, likaja saa nne. Simu yake ilimwonyesha kila saa umeme unaoingia, na akawa anaitazama kila mara kama mgonjwa anayejipima joto. Ilipomalizika ya nne, jua lilimfikia saa tano na nusu, likakaa naye kidogo, na saa saba likajificha nyuma ya ghorofa za magharibi. Chaji ya saa moja na kitu haitoshi hata kwa safari ya asubuhi. Akijaribu kuchaji kwa stima ya kununua, token zilimeza alichopata kwa abiria. Akipeleka gari kuchaji kule upande wa pili wa jiji, robo ya chaji iliishia njiani, na huko kwenyewe alipanga foleni nyuma ya magari makubwa ambayo wenyewe walikuwa ndani wakinywa kahawa.

Ndipo alipoitisha mkutano. Yeye mwenyewe. Alivaa koti.

Alizungumza vizuri, lazima tukiri. Alieleza habari za hewa chafu, bei ya mafuta, na watoto wetu watakavyoishi. Alisema jua ni riziki, na mtu hawezi kumzibia jirani riziki yake. Alipokaa, Gachanja alivaa miwani, akalilowesha dole gumba ulimini, akafungua daftari jeusi.

"Kumbukumbu za mkutano ule mwingine," alisema, na akasoma bila haraka: "Imependekezwa na Bwana Willis Okumu, ikaungwa mkono na Mama Shiru, na ikapita, kwamba kila mtu na paa lake, na asiulizwe ameweka nini juu yake." Akatazama juu ya miwani. "Si ni wewe ulisema niandike?"

"Ni mimi."

"Unataka tubadilishe? Mtu aunge mkono, tutabadilisha."

Willis alitazama huku na huku. Walikuwepo watu aliowabeba bure hadi hospitali usiku wa manane. Waliangalia sakafu, dari, na kucha zao. Haikuwa chuki, wala kwamba Mama Shiru alikuwa amewahonga. Kila mmoja pale alikuwa na ghorofa yake kichwani, na hakuna mjinga wa kuipiga marufuku kabla hajaijenga. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nafula hakuwepo siku hiyo, na Willis alimshukuru Mungu kwa hilo.

Carolyne ndiye aliyempa wazo la mwisho. "Nenda umwombe mama kona huko juu. Panda na paneli zako. Kuomba hakuui mtu."

Kulimuua kidogo. Ilimchukua wiki mbili kwenda. Alipokwenda, ilikuwa saa nne asubuhi, na Mama Shiru mwenyewe alimtangulia kwenye ngazi, akihema na kumwonyesha milango ya wapangaji. Walipotokea juu, jua lilimpiga Willis usoni. Lilikuwa jingi, lote, la kumwagika, na alisimama akalikunjia macho na kujisikia kulia.

Kisha akaona hayuko peke yake. Katikati ya saruji kulitandazwa maturubai matatu, yamejaa wimbi na mihogo iliyokatwakatwa, myeupe, mikavu, isiyo na doa. Pembeni, kwenye kigoda, alikaa Nafula akiwa na fimbo ya kufukuzia njiwa.

"Mama Shiru," Willis alianza, na sauti yake ilikuwa ile aliyokuwa nayo baba yake mbele ya karani wa kaunsili. Aliitambua na kuichukia. "Niko na ombi. Nipe kona ya hili paa. Waya nitashusha mwenyewe, na kodi nitalipa kama mpangaji."

Mama Shiru alimtazama bila ubaya wowote. "Hapa si paa, Baba Lorraine. Si unaona nondo zimesimama? Hii ni sakafu ya ghorofa ya tano. Nikipata mkopo, tunaendelea."

"Na ya tano ikiisha?"

"Sakafu ya ya sita."

"Lakini Mama Elsie umempa."

"Mama Elsie anaanika tu. Nikimwambia leo mafundi wanakuja, anakunja turubai anashuka. Wewe utakunja stima?" Akamgusa bega. "Mimi sikukuzuia na zako. Wewe pia usinizuie. Si tulikubaliana?"

Mama Shiru alishuka kumjibu mpangaji aliyeita kwamba maji yamepotea. Willis akabaki amesimama ukingoni mwa turubai, akichunga asikanyage mihogo ya watu.

"Karibu juani, Baba Lorraine," alisema Nafula. "Kaa upate joto."

Hakuwa akimdhihaki. Angemdhihaki, Willis angepata cha kujibu.

"Zile mbili za upande wangu," mama akauliza, "bado zinashika jua?"

"Hapana. Hazishiki kitu siku hizi."

"Na bado ziko?"

"Bado ziko, mama."

Nafula aliitikia kwa kichwa, akainua fimbo, akamfukuza njiwa.

Kesho yake, saa ile ile ya kuanika, Willis alipanda juu ya paa lake na spana. Parafujo zilikuwa zimeshika kutu, na aliumia kidole. Alizitoa paneli mbili, akakata vyuma vilivyochomoza, na kisha akainama juu ya ukuta kutazama kijiua cha Nafula, kama mtu aliyerudisha kitu cha wizi na anangoja kuona kikipokelewa.

Hakuna kilichobadilika. Kijiua kilikuwa na kivuli kama jana, kuanzia mlangoni hadi kwenye bomba la maji. Sasa kivuli kilikuwa cha ukuta wa Mama Shiru, na ukuta hauna parafujo. Angezitoa siku ile alipoombwa, yule mama angeanika miezi minane.

Gari liliuzwa kabla ya Krismasi. Alilinunua mwanamke wa mtaa wa Karen, ambaye bustani yake inaweza kumeza korti nzima pamoja na geti lake. Alikagua matairi, akakagua betri, na hakuuliza hata neno moja kuhusu jua. Carolyne alisimama mlangoni akilitazama likirudi kinyumenyume kutoka getini kimya kimya, kisha akaingia ndani kupika.

Zile paneli nane bado ziko juu, zinachaji simu na redio. Siku nyingine Willis hupanda kuzifuta vumbi la saruji ya jirani, akakaa hapo kivulini na kitambaa mkononi. Kila mtu na paa lake. Yeye analo, lote, na hakuna anayemuuliza ameweka nini juu yake.