Wiketi Iliyofunikwa na Godoro

Tuseme kweli mapema, asije akasingiziwa mtu wa watu: siku ile mjinga alikuwa Kidole. Si mwamuzi, si mitambo, wala si mwenye magodoro. Kidole mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe.

Jina hilo alipewa kazini. Ndani ya lile lori refu lisilo na madirisha, linaloegeshwa nyuma ya uwanja wa kriketi ili mechi ifike majumbani, kila mtu ni kiungo. Wapiga picha ni macho, mtangazaji ni mdomo, naye ni kidole, maana kazi yake ni kubonyeza kitufe kinachoingiza matangazo ya biashara. Zamani kriketi ya televisheni ilikuwa na nafasi ya kupumua. Mrushaji akishatupa mipira yake sita, yaani ova moja, wachezaji walibadilishana pande kwa hatua za taratibu, na mtazamaji nyumbani akapata kujikuna na kuuliza chai imefia wapi. Siku hizi upenyo huo umeuzwa. Umeuzwa wote, pamoja na ule wa kujikunia. Mpira wa sita ukifa tu, godoro linaingia. Wachezaji wakienda kunywa maji, soda inaingia.

"Siku mchezaji akipiga chafya," Kidole alipenda kusema, "utakuta mwenye leso ameshalipia."

Alisema hivyo huku akicheka, kwa sababu upenyo huo ndio uliomlisha, ukamvisha, na sasa ulikuwa umemletea jambo ambalo hakuliota. Ligi ya wanawake ilikuwa imepata wadhamini, na penye wadhamini kamera hazichelewi. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, angeonekana akirusha mpira kwenye televisheni. Wenzake walimwita Kombeo, kwa jinsi mkono wake ulivyozunguka.

Nyumbani, suala la Kombeo lilikuwa limekaa kooni kama mwiba. Tangu Baba afariki, sauti ya ukoo ilikuwa Shangazi, mwenye duka la mapazia, na Shangazi alitaka binti huyo akae dukani badala ya kukimbizana na mpira juani. Mama hakuwa upande huu wala ule. Alisema neno moja tu.

"Nitamwangalia Jumamosi kwa macho yangu. Nikiona kitu, atacheza. Nisipoona kitu, Jumatatu anakwenda kwa shangazi yake."

"Utaona, Mama," Kidole akajibu, kifua mbele. "Mimi ndiye niliye ndani ya gari. Nani atakuzuia usione?"

Mdomo ukisha kuponza kichwa, kichwa huwa cha mwisho kupata habari.

Jumamosi ikafika. Ndani ya lori, Kidole aliketi mahali pake pa kila siku, na kando yake aliketi mama mmoja wa makamo waliyemwita Mhesabu. Kazi ya Mhesabu ilikuwa kumtazama mwamuzi, kukunja vidole, na ova ikiisha kusema neno moja: "Weka." Hapo ndipo Kidole hubonyeza. Kabla ya "weka" mkono wake hukaa pajani, kama wa mtoto mbele ya sahani ya wageni.

Siku hiyo nyuma yao alisimama mgeni, bwana mnene mwenye tai fupi, aliyetumwa na kampuni ya magodoro. Alikuja na lalamiko.

"Msimu mzima tangazo langu linaingia limechelewa," alimwambia Bosi wa lori. "Watu wananiona nusu. Godoro nusu nani atalala?"

"Leo litawahi," Bosi akasema, na kumkazia macho Kidole.

Kombeo akapewa mpira. Kidole akajisahau. Kaka mtu anapotazama damu yake, hesabu ya mtu mwingine haimtoshi. Akaanza kukunja vidole vyake mwenyewe. Mpira wa kwanza ulipigwa hadi ukingoni. Wa pili ukatulizwa miguuni pa mpigaji. Alipoona Kombeo anakuja na wa tatu huku miguu ikimpishana kwa woga, Kidole akaziba macho kwa kiganja, kwa ile aibu tunayowaonea ndugu zetu kabla hawajaaibika. Akausikia mpira ukitua, akakunja kidole cha tatu.

Ambacho hakukiona ni hiki: mpira ule ulipita mbali mno na mpigaji, na mwamuzi akatandaza mikono yote miwili, kama mtu anayepimwa shati kwa fundi. Hiyo ni waidi. Mpira wa namna hiyo hauhesabiwi, mrushaji anaurudia. Mhesabu hakukunja kitu.

Basi mpira uliokuwa wa sita kwa Kidole, kwa ulimwengu mzima ulikuwa wa tano. Ulipotulizwa tu, Kidole akakitua kidole kwenye kitufe. Godoro likatanda skrini nzima, na juu yake mwanamume mwenye pajama akajitupa chali, akaanza kukoroma kwa furaha.

"Sijasema weka," Mhesabu akasema.

"Sita zimekwisha."

"Tano. Ulikuwa na waidi humo. Ulikuwa unatazama wapi?"

Kidole akageukia vile viskrini vidogo vya pembeni, ambavyo huonekana na watu wa lori peke yao. Kombeo alikuwa anakuja. Safari hii miguu haikupishana. Mkono ukazunguka, mpira ukadunda, ukajikunja kuingia ndani kama paka anayerudi jikoni, na mpigaji tegemeo wa wapinzani akapiga hewa. Kijiti cha katikati, kati ya vile vitatu anavyovilinda mpigaji, kikang'oka na kuruka: hiyo ni wiketi, mpigaji ametoka. Uwanja ukalipuka hata kuta za lori zikatetema. Kwenye skrini kubwa, ile inayokwenda majumbani, bwana wa pajama akajigeuza ubavu.

"Katisha tangazo, Bosi," Kidole akasihi. "Nakuomba. Ni dada yangu yule."

Bosi akamtazama mgeni. Yule bwana mnene, kwa mara ya kwanza tangu aingie, alikuwa anatabasamu.

"Leo mmewahi," alisema. "Naona mmewahi hasa."

Jioni, kaka na dada waliingia nyumbani pamoja, Kidole akitembea nyuma kama mwizi wa kuku. Sebuleni televisheni ilikuwa imeshazimwa. Mama alikuwa kwenye kochi, Shangazi kando yake, na mezani mbele yao ulilala ufunguo wa duka la mapazia.

"Karibuni," Shangazi akasema. "Tumeangalia mechi yenu. Yule bwana amelala vizuri sana."

"Shangazi, nilimtoa mpigaji wao mkubwa," Kombeo akasema.

"Ulimtolea wapi, mwanangu? Mimi sikubanduka hapa. Tulikuona unakimbia unarusha, unakimbia unarusha, halafu godoro. Tulipokuona tena umesimama huko mbali, umeshika kiuno."

"Kosa ni langu, Mama," Kidole akasema. "Nilihesabu vibaya."

Mama akamgeukia. "Si uliniambia kazi yako ni kuonyesha watu mpira?"

"Kazi yangu hasa ni kuonyesha matangazo, Mama."

"Basi umeifanya vizuri."

Kombeo akashindwa kujizuia, akacheka. "Wenzangu wana kaka wa kuwafungulia njia. Wa kwangu ananifunika kwa godoro mchana kweupe, kama maiti."

"Lakini marudio yalionyeshwa," Kidole akajitetea. "Wakati wa maji."

"Hayo niliyaona," Mama akasema. "Yalikuwa kwenye kisanduku kama stempu, soda imejaa pande zote. Nikaona sisimizi wanakumbatiana."

Kidole akatoa simu mfukoni. Kipande kile kilikuwa kimeshazagaa mtandaoni. Akaketi kwenye mkono wa kochi, akakifungua, akamsogezea Mama. Na kwenye kile kioo cha kiganjani, kabla ya kitu kingine chochote, likatokea godoro, na bwana wa pajama akajitupa chali.

Hata Shangazi alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Subirini, linapita," Kidole akasema, jasho likimtoka. "Linapita sasa hivi."

Likapita. Mama akavaa miwani. Akamwona binti yake akija mbio, mkono ukizunguka, kijiti kikiruka. Akamwambia Kidole arudishe. Akatazama tena, na tena, na kila aliporudisha godoro lilitangulia, naye akalingoja, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Alipovua miwani, Kombeo, aliyekuwa akicheka muda wote, hakucheka tena. Macho yake yalikuwa kwenye ule ufunguo.

Shangazi akaona nafasi yake.

"Haya, kijiti kimeanguka, nampa hongera," alisema kwa upole. "Lakini wifi yangu, tusidanganyane. Umejionea mwenyewe. Huko hata aangushe ghorofa, wenye fedha zao watamfunika tu. Kwangu atakaa mbele, mlangoni, watu wamwone, wamheshimu. Nimemfikiria mshahara? Sijafika huko, kwanza ajifunze kazi. Ila mimi naijua thamani yake. Hao wa mpira wao, thamani yake wanaijulia wapi?"

Mama akauchukua ule ufunguo, akamwekea Shangazi kiganjani, akamfumba vidole taratibu.

"Wifi, mtu hatoi fedha zake ili akae jirani na kitu kisicho na thamani," alisema. "Yule bwana wa magodoro amelipa asimame kando ya mwanangu kwa muda wa kukohoa tu, wewe unamtaka mwaka mzima kwa ahsante. Panga foleni basi, nyuma ya godoro."