Mikono ya Ndunge Ilipopata Viza

Kwa jina la Mola aliyeumba kiungo baada ya kiungo na kukijua kila kimoja kilipo, twaanza. Wa kwanza kutajwa ni Bi Mukai, mjane wa Kitengela, aliyepooza upande wa kushoto. Wa pili ni bintiye Ndunge, muuguzi asiye na ajira, aliyemwogesha kila asubuhi na kumgeuza kitandani asipate vidonda. Wa tatu ni Hiram, wakala wa kazi za ng'ambo, mwenye ofisi juu ya duka la chakula cha mifugo.

Jumanne moja Ndunge alipanda ngazi za Hiram na vyeti vyake ndani ya bahasha ya kaki. Hiram akamsomea barua ya mwajiri, mwenye nyumba ya kutunzia wazee katika nchi ya baridi. Mwajiri alikuwa tayari kudhamini viza, lakini ya mikono tu. Sehemu nyingine za mwombaji hazikuhitajika kazini.

"Na mimi je?" Ndunge akauliza.

"Madam, wengine hawapati hata ya kidole. Weka sahihi sasa, kabla mikono haijasafiri."

Alama za vidole zikachukuliwa, zikakubaliwa. Ijumaa jirani yao Jackie aliivalisha mikono glavu za sufu, mchungaji akaiombea, nayo ikaondoka na pasipoti. Ndunge akarudi nyumbani. Kwa kuwa hakuwa na mkono wa kupeana, aliwainamishia watu kichwa wakiguse, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaamkia wakubwa. Wazee wa Kimaasai kutoka Mashuuru wakasifu adabu yake, wakasema ni nadra kwa wasichana wa mjini.

Nyumbani ulibaki mkono mmoja kwa watu wawili. Bi Mukai alimlisha bintiye ugali kwa mkono wa kulia. Ndunge akamgeuza mamaye kwa bega na goti, wala haikutosha. Mwezi wa pili vidonda vikatokea mgongoni.

Kila wiki ilikuja barua yenye mwandiko wa Ndunge, na Jackie aliwafungulia. Mikono ilikuwa salama. Ilimwosha mzee mmoja na kumpaka mafuta mara tatu kwa siku, na ngozi yake haikuwa na doa.

Ndunge akaenda kwa Hiram kuiombea mikono likizo ya siku kumi na nne. Jibu la mwajiri lilikuwa la upole: likizo ingetolewa mara tu mwenye mikono atakapotia sahihi fomu, mbele ya wakala wake.

"Niko na mdomo," Ndunge akasema. "Nishike kalamu na meno."

"Wataona haifanani na ile ya kwanza," Hiram akajibu. "Hawa watu wako makini sana."

Fomu ikarudi tupu. Mwajiri aliyeridhika na mikono akatangaza nafasi za migongo kumi, ya kuinua wagonjwa, na kufikia saa nne asubuhi foleni ilikuwa imeshuka ngazi hadi kwenye magunia ya pumba. Jackie alikuwa wa tatu.

Bi Mukai aliomba barua ya mwisho kufika iletwe karibu na uso wake. Akautazama mwandiko kwa muda.

"Ndunge, bado unaandika vizuri."

"Eeh, Mwaitu," Ndunge akamjibu mama yake.

Kisha Bi Mukai akachovya kitambaa ndani ya beseni, akamwosha bintiye uso.

Ewe Mola, wahifadhi waliosalia, na viungo vyao vilivyosalia. Mjalie Bi Mukai japo asubuhi moja ya kuoshwa na mikono aliyoizaa mwenyewe.