Siondoki Mpaka Nione Sakafu ya Bwawa

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi. Kwenye bucha nasimama karibu na mizani, na nikiambiwa "mama, hii imeingia leo" naigeuza kwanza nione upande wa chini. Kwa hiyo bwawa letu lilipoanza kuwa jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, machale yalinicheza. Nikajua kuna mtu ananichezea akili.

Bwawa lenyewe wala si la kujivunia. Liko nyuma ya nyumba, kina chake kinafika kifuani toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mume wangu alilijenga la kufundishia watoto. Mtaa mzima wanamwita Mwalimu, na mimi pia nimezoea kumwita hivyo. Watoto kibao wamejifunza kuogelea mikononi mwake. Aliyemshinda ni mimi peke yangu. Maji yakinifika magotini naanza kuita marehemu wote wa ukoo.

Halafu Mwalimu akapata kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, akili ikarudi na ubishi wake wote, ila mguu wa kushoto ukawa kama wa kuazima. Ganzi tupu. Unamfinya, hasikii. Ndani ya nyumba alitembea kwa fimbo, mguu ukimfuata kwa kuburutwa. Daktari wa mazoezi akasema aingie majini kila asubuhi, maji yatambeba.

Ndipo binti yetu alipopiga simu. Hatuna mwingine. Anaishi mji wa mbali, ana mimba ya kwanza, mumewe kazi yake ni ya safari, na hospitali wamemwambia alale kitandani mpaka ajifungue, asinyanyue hata ndoo. "Mama, njoo," alisema, kisha akanyamaza, na yule mtoto tangu azaliwe hajui kunyamaza. Nilitaka kupanda basi siku ile ile. Lakini nimwachie nani mtu ambaye hawezi kutoka bafuni kwenda jikoni bila kushika ukuta?

"Nenda kwa mtoto," Mwalimu aliniambia. "Mimi sasa naogelea."

"Unaogelea wapi? Ndotoni?"

"Njoo uone."

Nikabeba kiti changu cha plastiki, nikakaa ukingoni. Kweli alivuka! Mikono ilikuwa inarushwa mmoja baada ya mwingine, kichwa juu, anahema, mpaka ukingo wa pili. Nilipiga makofi na machozi yakanitoka. Kisha nikayatazama yale maji. Kuanzia kifuani kwake kwenda chini ulikuwa huoni kitu.

"Mzee, hapa ukizama nani atakuona?"

"Sizami."

"Haya, sikiliza. Siondoki nyumba hii mpaka nione sakafu ya bwawa. Nione vigae vyote. Siku nitakayoviona, na wewe unavuka hivi hivi, nakata tiketi."

Akakunja uso. "Maji ni maji tu," akasema. Mtu aliyekuwa akigomba kwa ajili ya jani moja linaloelea! Ningepaswa kushtuka pale pale. Sikushtuka, kwa sababu nilikuwa nimeshapata wa kumshuku.

Wa kwanza alikuwa shemeji, mdogo wake Mwalimu. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyetuletea mchanga uliomo ndani ya tangi la chujio. Ule mchanga ndio unaonasa uchafu; pampu inavuta maji, yanapita katikati ya punje, yanarudi bwawani yakiwa safi. Sasa mtu mwenye lundo la mchanga wa kujengea nyuma ya duka anashindwaje kunijazia huo huo?

"Shemeji, unanikosea," aliniambia dukani kwake, mkono kifuani. "Mchanga wa chujio umeoshwa, umechekechwa, punje zote zinalingana. Hauchanganyiki na wa kujengea hata kidogo."

"Nipimie kidogo wa huu na kidogo wa ule," nikamwambia. "Na usinichagulie, nachota mwenyewe."

Nikamwita na fundi wa bwawa. Wa pili kushukiwa. Mtu ambaye chombo kikiharibika ndipo analipwa, mimi simwamini. Alifungua tangi, akaingiza mkono, akatoa mchanga ulioshikana mabonge.

"Umechoka, mama. Mafuta ya ngozi na dawa vimeugandisha. Tukitoa huu, tunaweka mchanga mpya, au vioo vilivyosagwa, au zeolaiti, yale mawe yenye vitundu."

"Vioo? Unataka mume wangu atoke majini damu tupu?"

"Vimesuguliwa, mama, havina makali. Halafu vinabaki ndani ya tangi. Havishiki mafuta kama mchanga, na ukiviosha vinatoa uchafu haraka. Zeolaiti inanasa vumbi dogo zaidi, ila itabidi tuiloweke maji ya chumvi kila mara."

"Niletee vyote nivione."

Nikapanga chupa za jamu kwenye dirisha la jikoni: mchanga wa kujengea, mchanga wa chujio, vioo, zeolaiti. Nikatia maji, nikatikisa, nikakaa na kikombe changu kuangalia. Ule wa kujengea uligeuka chai ya maziwa. Wa chujio ukatulia, maji yakabaki safi, unaona mpaka upande wa pili. Vioo navyo hivyo hivyo. Zeolaiti ilitoa vumbi mpaka nilipoisuuza. Basi shemeji alikuwa hajaniuzia uongo. Sikumwambia. Angevimba kichwa.

Mwalimu alisimama mlangoni, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Umefungua maabara?"

"Nachagua. Naona vioo vitafaa."

"Vya nini? Mchanga unatosha. Tena ungeacha tu mpaka mvua ziishe. Wewe nenda kwa mtoto."

"Mbona huyataki maji masafi, Mwalimu?"

"Sitaki fujo," akasema, akageuka zake. Nikawaza, ahaa, kumbe yeye na mdogo wake wamepanga nisinunue kwa mwingine. Akili yangu ikienda upande mmoja, kuirudisha ni kazi.

Fundi akatoa mchanga wote, akaweka kokoto chini, akajaza vioo, akaviosha kwa kurudisha maji kinyume mpaka yakatoka safi. "Kesho kutwa utahesabu vigae," akaniambia.

Thubutu! Siku ilifika, maji ni yale yale. Meupe, mazito, yananitazama. Binti akapiga simu: miguu imevimba, jirani anamletea chakula akikumbuka. "Mama, baba bado?" Nilikata simu nikapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka.

Nikamwita fundi kwa sauti ambayo nadhani aliisikia bila simu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha pampu, akanionyesha mpini ulio juu ya tangi.

"Mama, nani amegeuza huu? Ukielekea hapa maji yanachujwa. Ukielekea huku yanazunguka tu, hayagusi vioo. Mimi niliuacha kwenye kuchuja."

"Uliuacha au uliugeuza ili nikuite tena?"

"Haki ya Mungu, mama."

Aliurudisha. Alipoondoka niliweka kijiti cha kiberiti juu ya mpini, kimekaa kwa kusawazishwa, hata ukipumua vibaya kinaanguka. Mimi sina dogo. Mchana ule shemeji akaja na tikiti maji kumwona kaka yake, wakakaa nyuma wakicheka. Jioni nikaingia kibandani. Kijiti kiko chini, mpini umegeuzwa, na kwenye saruji yenye unyevu kuna alama za mviringo, ndogo ndogo. Za kitako cha chupa ya dawa, nikadhani.

Nilimpigia shemeji nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Kwamba anamchukia mtoto wetu, kwamba anataka nibaki hapa nioze, kwamba asikanyage kwangu tena. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Shemeji," akasema taratibu, "huyo unayemtafuta si mimi." Akakata.

Usemi ule haukunitoka. Lakini hasira bado ilikuwa ya moto, nikafanya ninachokijua. Nikarudisha mpini kwenye kuchuja, nikafunga kibanda kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani. Nikalala nao.

Siku iliyofuata maji yakaanza kufunguka. Asubuhi ya baada yake nilitoka na kiti changu nikasimama nacho mkononi. Vigae vyote! Kila mstari, kila ufa, hata sarafu iliyotupwa na mtoto fulani zamani za kale. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Mwalimu alitoka na taulo begani. Alipoyaona yale maji alisimama.

"Leo kuna baridi," akasema.

"Jua linawaka."

"Mgongo unanibana."

"Mwalimu. Mtoto ananisubiri. Ingia uvuke, nikate tiketi."

Alinitazama sana. Halafu akaweka fimbo kwenye ukingo, na mpira wake wa chini uliolowa ukaacha alama kwenye saruji. Ya mviringo. Ndogo.

 Nikakaa.

Aliingia kwa ngazi, polepole, akaanza. Mikono ikarushwa mmoja baada ya mwingine, kichwa juu, anahema, kama siku zote. Na chini yake, kwenye vigae safi nilivyovihangaikia, niliona miguu yake. Alikuwa anatembea. Mikono inaogelea, miguu inatembea sakafuni. Siku zote zile nilizopiga makofi, alikuwa anatembea.

Nilitaka kupiga kelele. Nilimtukana fundi wa watu, nikamfukuza shemeji, kumbe mwizi nalala naye kitanda kimoja! Nikanyanyuka na kiti, sijui nilitaka kukifanyia nini, nikamfuata ukingoni huku macho yangu yako kwenye ile miguu ya uongo. Wa kulia ukaenda. Wa kushoto ukanyanyuka, ukaenda mbele, ukakanyaga kwa kisigino na kumalizia kwa vidole.

Nikaganda. Wa kulia. Wa kushoto, tena, juu, mbele, chini.

Alifika ukingo wa pili, akashika, hakunigeukia.

"Haya," akasema kwa sauti nyembamba. "Umeona. Siogelei. Nilijaribu, nikazama nikanywa maji. Mwalimu mzima narukaruka kwa mguu mmoja kama kuku aliyefungwa kamba. Mtoto anakuhitaji, na wewe hungeondoka. Ningefanyaje?"

"Nani amekwambia unaruka kwa mguu mmoja?"

"Nauburuta. Najua. Siusikii kabisa ule wa kushoto."

"Huusikii. Je, umeshawahi kuuona?"

Ndipo akanigeukia. Angeuona wapi, na maji alikuwa anayachafua mwenyewe?

Nikaacha kiti kikaanguka. Nikashuka kwenye ile ngazi na gauni langu mwilini. Maji yakapita magoti, sikumwita marehemu hata mmoja. Nikamfikia, nikamshika mkono.

"Inamisha kichwa. Usirushe mikono, unatibua. Tembea."

Alipiga hatua. Tukangoja maji yatulie. Akapiga nyingine. Niliona uso wake ukishuka chini, ukabaki huko.

"Ni wangu?" akauliza.

"Wa kwangu ni huu uliovaa soksi. Nimesahau kuvua."

Alicheka, kisha akalia waziwazi kama mtoto, ameegemea bega langu, na mimi nikalia kwa hasira na furaha vyote pamoja. Nilimwambia akinidanganya tena nitamzamisha kwa mikono yangu. Akasema sawa.

Tulipotoka nilimpigia shemeji kwanza, gauni linachuruzika jikoni. Nilimwomba radhi, jambo ambalo silijui vizuri, nikalirudia mpaka likaeleweka. Akasema anakuja jioni na godoro lake, atakaa na kaka yake mpaka nirudi. Kisha nikampigia mtoto.

"Nakuja kesho," nikamwambia.

"Kwa hiyo baba anaogelea?"

Nilimtazama pale mlangoni, na fimbo yake, na taulo lake, anatikisa kichwa nisiseme.

"Haogelei hata kidogo, mwanangu," nikasema. "Baba yako anatembea."