Meno Meusi ya Yagoro

Vita vikiisha upande wa wanaume, kwa wanawake wa ngome ndipo kazi ilipoanza. Askari walileta vichwa vya maadui walivyokata; wanawake waliviosha na kuvichana nywele, kisha bwana wa ngome akavikagua. Mkubwa alijulikana kwa meno yaliyopakwa rangi nyeusi, pambo la wenye cheo katika nchi hiyo. Huyo alisomewa sala, akazikwa hekaluni. Kichwa cha kapuku kilitupwa shimoni, basi.

Chigusa, mmoja wa wanawake hao, aliizoea kazi hiyo. Mtu huzoea lolote, usione ajabu. Kila asubuhi aliomba jambo moja tu: asimkute Yagoro, mdogo wake, askari wa miguu wa jeshi la upande wa pili. Siku hiyo alifunua kitambaa, akamkuta.

Hakulia. Angelia, wangejua ni ndugu wa adui, na kichwa chake kingefuata.

"Hicho usihangaike nacho, dada," alisema Genpachi, askari aliyekileta. "Ni cha mlalahoi kama mimi. Kioshe tu kikatupwe."

Chigusa akalivuta bakuli la rangi. "We kaka, bahati inabisha hodi nawe umelala? Nikimpaka meno atakuwa mkubwa. Na aliyemuua mkubwa atakuwa nani?"

Genpachi akatazama huku na huku, akacheka. "Loo! Wewe mwanamke ni mbweha! Haya, paka, paka!"

Akapaka jino moja moja. La mbele lilikuwa limemeguka: ni yeye aliyemwangusha, enzi za kumbeba mgongoni. Hilo alilipaka mara mbili.

Bwana hakushuku. Mtawa aliitwa, na Yagoro akazikwa chini ya mierezi kwa ubani na kengele.

Jioni Genpachi alirudi na upanga mpya kiunoni na matunda makavu mkononi. "Kula, dada. Umenitoa matopeni." Akakuna kichwa. "Ila yule kijana ananisumbua. Mpaka mwisho alikuwa akiita, Chigusa, Chigusa. Mkewe, nadhani."

Chigusa alitafuna. Tunda lilikuwa tamu, naye aliuchukia utamu ule.

"Hakuwa na mke," alisema.

Mara bibi wa ngome akapaza sauti kutoka ndani: "We Chigusa! Maji yamechemka, na vimeletwa vingine!"

Genpachi alimkodolea macho. Kisha akayashusha kwenye upanga wake mpya. Chigusa akafuta mikono, akaingia ndani.